Sura ya Saba: Mzee Asiyedai Mbuzi

Kesi ya nani amechoma shati kwa pasi haifiki Nchiru. Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Ameru lenye makao yake hapo Nchiru, kando ya barabara ya kutoka Meru kwenda Maua, husikiliza mambo mazito: mipaka ya mashamba, viapo, ukoo uliokosana na ukoo. Upande wa Embu nako kiama cha wazee kilibeba mzigo kama huo. Huwezi kumtoa mzee kwake, umkalishe kwenye kigoda, umpe uji na miraa, kisha umwambie shauri lenyewe ni kwamba chujio la mashine ya kufulia halijasafishwa tangu Pasaka. Atakutoza mbuzi kwa kumpotezea siku, na hakuna atakayekutetea.

Basi kesi hizo ndogo, ambazo ndizo nyingi, zilikaa bila hakimu. Ziliamuliwa na mwenye sauti kubwa, au na anayeweza kununa siku nyingi zaidi, au na mama mkwe kwa njia ya simu. Kisha kikaja kijitabu cha maagizo. Hukaa chini kabisa ya boksi, kwenye mfuko wa plastiki pamoja na waranti, na watu wengi hukitupa kabla hata ya kukifungua. Sura hii ni ya kukishukuru. Kijitabu hicho ni mzee wa baraza asiye na ukoo, asiyekunywa chai ya mtu wala kudai mbuzi, na hukumu yake ya saa sita mchana haibadiliki ikifika saa sita usiku.

Mila haikuiona friji

Kazi za nyumbani za zamani zilikuwa na wenyewe. Kuteka maji, kuokota kuni na kuchemsha githeri zilikuwa za mama. Kuchinja, kujenga ua na kupanda mtini kutundika mizinga ya nyuki zilikuwa za baba. Huku Meru, mvulana akishatoka jandoni hakutarajiwa tena kuonekana akizungukazunguka jikoni kwa mama yake. Upende usipende, jibu lilikuwepo kabla swali halijaulizwa.

Stima ikavuruga orodha hiyo. Ajabu ni kwamba stima yenyewe ilikuwa jirani siku nyingi. Maji ya mto Tana yalianza kuzungusha mitambo ya Kindaruma mwaka wa 1968. Likafuata bwawa la Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988, yote pembezoni mwa nyanda za Mbeere. Nyaya zilipita juu ya vichwa vya watu zikielekea Nairobi, na chini yake akina mama waliendelea kupuliza moto wa kuni. Mashambani, nyumba nyingi zilisubiri hadi mradi wa Last Mile wa 2015, wakati ada ya kuunganishiwa stima iliposhushwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000.

Stima ikaja na wageni wake: pasi, birika, blenda, friji, na kwa wenye uwezo mashine ya kufulia. Mila haikuwa na neno juu ya yeyote kati ya hao. Hakuna methali ya Kimeru wala ya Kiembu inayosema nani ayeyushe barafu ya friji au nani abandue ukoko mweupe ndani ya birika. Kila mmoja alijaribu kusukuma kazi mpya upande wa pili kwa hoja za zamani. Baba alisema birika ni chombo cha kupikia, kwa hivyo ni la mama. Mama alisema birika lina waya, na mambo ya nyaya ni ya baba. Pengo hilo ndilo kijitabu kilikuja kukalia.

Dakika moja kati ya Embu na Meru

Tuanze na sufuria ya presha, maana ndiyo iliyoleta kelele nyingi, za mvuke na za watu.

Mtu wa Embu akioana na mtu wa Meru, siku moja lazima watabishana kuhusu githeri. Mmoja atasema kwao mahindi huiva upesi. Mwingine atajibu kwamba kwao watu hawali mahindi mabichi. Mabishano haya yana ukweli ndani yake, ila ukweli huo hauko kwenye mahindi. Mombasa, usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 100. Kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyopungua uzito, na maji huchemka mapema kabla hayajapata moto wa kutosha. Mji wa Embu uko karibu mita 1,350 juu ya usawa wa bahari, Meru karibu 1,500. Katika miji yote miwili maji huchemka kwenye nyuzi 95 na kitu, na ukipanda zaidi kuelekea Timau hupungua tena. Githeri ya mlimani hukawia kwa sababu inachemshwa na maji yasiyo moto sawasawa, hata yakitokota vipi.

Tiba yake aliigundua Mfaransa Denis Papin, aliyewaonyesha wanasayansi wa Royal Society mjini London chungu chake cha kufunga mvuke mwaka wa 1679. Mvuke ukizuiwa kutoka, shinikizo hupanda, na maji hufika karibu nyuzi 120 kabla ya kuchemka. Papin alijua pia chungu kama hicho kinaweza kulipuka, akakiwekea vali ya usalama. Sufuria yako ya presha ni mjukuu wa chungu hicho.

Sasa fungua kijitabu cha sufuria hiyo mahali wanapozungumzia miinuko. Vingi vina kanuni hii: ukiishi zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari, ongeza asilimia 5 ya muda kwa kila mita 300 zinazozidi. Tupige hesabu. Githeri iliyoandikiwa dakika 40 itahitaji dakika 45 Embu, na 46 Meru. Tofauti kati ya wanandoa hawa wawili ni dakika moja. Kwa ajili ya dakika moja hiyo watu wamelala migongo ikitazamana.

Kuna kesi ya pili kwenye sufuria iyo hiyo, nayo ni ya heshima. Wageni wanakuja, mama mkwe yuko jikoni, na sufuria ni moja.

“Jaza, mwanangu. Watu ni wengi.”

“Mama, imeandikwa nusu.”

“Imeandikwa na nani?”

Hilo swali la mwisho ndilo la kutazamwa kwa makini. Mkaza mwana hawezi kumpinga mama mkwe na akabaki na sifa zake. Lakini anaweza kumsomea. Kijitabu kinasema vyakula vinavyotoa povu na kufura, kama maharagwe na mahindi, visipite nusu ya sufuria, ilhali vingine vinaweza kufika theluthi mbili. Sababu yake inaonekana kwa macho: maharagwe hupanda na povu, ganda moja jembamba hunasa kwenye tundu la mvuke, na tundu likiziba, shinikizo hukosa njia. Mama mkwe akishasomewa hivyo hashindwi na mkaza mwana. Anashindwa na kiwanda kilicho mbali, ambacho hakitakuja matangani kusimulia. Anaagiza sufuria ipikwe mara mbili, anaeleza kuwa hata yeye alikuwa anataka kusema hivyo, na jioni inaendelea.

Kitambaa cha friji

Friji nyingi za huku hazikai jikoni. Hukaa sebuleni kando ya televisheni, mgeni aione kabla hajaulizwa kama atakunywa chai. Juu yake hutandikwa kitambaa cha kroshia kilichofumwa kwa mikono, kinachoning'inia mbele, kando na nyuma, na juu ya kitambaa huwekwa maua ya plastiki. Nyuma, friji imesukumwa hadi ikagusa ukuta, kwa kuwa sebule ni ndogo na makochi ni saba.

Mume anadai kitambaa kinaharibu friji. Mke anadai mume hapendi kitu chochote kizuri. Kila mmoja ana sehemu ya haki, na bila kijitabu wangeendelea hivyo hadi watoto waoe. Maagizo yanaeleza kazi ya mashine hiyo: friji haitengenezi baridi, inatoa joto ndani ya chakula na kulimwaga nje, kwa nyuma au kwa ubavu. Joto likikosa pa kwenda, injini hukimbia mchana kutwa na maziwa bado yanachacha. Kwa hiyo vijitabu vingi hutaka iachwe nafasi ya kama sentimita 10 nyuma, matundu ya hewa yasizibwe, na friji isikae juani wala kando ya jiko. Kuhusu urembo hayasemi neno. Kitambaa kinaruhusiwa kubaki mbele na juu, kikikunjwa upande wa nyuma. Kochi moja linahamia chumba cha wageni. Mume anasema ameshinda, mke anasema ameshinda.

Kijitabu hicho hicho huwa na agizo ambalo hakuna mwanamume wa kwetu aliyewahi kulitii kwa hiari: friji ikifika, isimamishwe na iachwe saa kadhaa kabla ya kuwashwa. Imetoka mjini ikiwa imelazwa kwenye pikapu, imeruka mashimo yote hadi nyumbani, na mafuta ya kompresa yamesambaa mahali pasipofaa. Lakini majirani wameshakusanyika, na baba ameshatangaza soda baridi. Hapo mama husimama mlangoni na kijitabu mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu arusi anasikilizwa bila kupandisha sauti. Soda zinanywewa vuguvugu.

Nani amemaliza tokeni

Hakuna swali la nyumbani lenye watuhumiwa wengi kama hili. Mita imelia, giza limeingia, mtu anabonyeza tarakimu 20 za tokeni huku akimulikiwa kwa simu, na kabla taa hazijarudi mashtaka yameshasomwa. Baba analaumu pasi. Mama analaumu mpira wa usiku kwenye televisheni. Wote wawili wanamlaumu mtoto wa sekondari, ambaye yuko nyumbani kwa likizo na ndiyo maana amekuwa bafuni muda wote huu.

Ushahidi uko kwenye kijitabu, na pia kwenye kibati kidogo nyuma ya kila kifaa, palipoandikwa wati zake. Uniti moja ya stima ni wati 1,000 zikitumika saa nzima. Birika la wati 2,000 likichemsha maji kwa dakika 6 limekula uniti 0.2. Pasi ya wati 1,200 ikitumika saa moja haiwezi kuzidi uniti 1.2, na kwa kweli hula chini ya hapo, kwa sababu hujizima na kujiwasha yenyewe joto likitosha. Televisheni ya wati 100 ikiwashwa saa 5, mechi mbili pamoja na wachambuzi wake wote, ni nusu uniti. Bomba la maji moto la bafuni la wati 5,000 humaliza uniti nzima kwa dakika 12.

Kwa hesabu hiyo mpira unaachiliwa huru, pasi inapewa onyo, na mtoto wa sekondari anaitwa atoke bafuni. Ni hukumu ambayo hakuna mzazi angeweza kuitoa kwa busara yake peke yake, kwa kuwa kila mzazi alikuwa mshtakiwa. Siku hizi ushahidi huanza hata kabla ya kununua: kanuni za mwaka wa 2016 kuhusu matumizi ya nishati ya vifaa zilileta lebo ya nyota kwenye friji zinazouzwa Kenya, na anayetaka friji ya nyota chache kwa kuwa inang'aa huulizwa dukani, mbele ya muuzaji, kama atanunua tokeni yeye.

Mtoto wa miaka minane

Sasa tuje kwenye mashine ya kufulia, ambako kesi si ya namna ya kufanya kazi tu. Ni ya nani aifanye.

Kwanza zile kesi nyepesi. Mashine mpya ikianza kukamua nguo huku ikitetemeka na kutembea kutoka ukutani hadi mlangoni, mume husema mke ameijaza mno, na mke husema fundi ameiweka vibaya. Kijitabu, karibu na kurasa za mwanzo, kinauliza kama zile boliti za safari, zinazoshikilia pipa la ndani lisigongegonge njiani, zimetolewa. Hazijatolewa. Wawili hao wanatazamana, wanachukua spana, shauri limeisha. Ikiwa boliti zimetoka na bado inatetemeka, kuna kipimo kingine: juu ya nguo ndani ya pipa pabaki nafasi ya kupitisha kiganja. Blanketi la Timau, ambako baridi huingia hadi mifupani, huijaza mashine peke yake na haliombi mwenzi.

Halafu kuna maji. Mashine nyingi huhitaji shinikizo la angalau baa 0.5, na kila mita moja ya kimo cha tanki hutoa takriban baa 0.1. Tanki lililokaa juu ya jukwaa la mita 2 linatoa baa 0.2 tu; ili mashine ishibe, tanki lingepaswa kuwa mita 5 juu yake. Anayepata maji ya mfereji yanayoteremka kutoka Mlima Kenya mara nyingi hana shida hiyo. Anayetegemea tanki la uani huona mashine imekwama, ikimulika taa nyekundu, na husikia kutoka sebuleni kwamba “wanawake hawajui mitambo.” Anayejua kosa liko wapi ni kijitabu, na kosa ni la aliyejenga jukwaa fupi. Kwa kawaida huyo ndiye yule yule aliye sebuleni.

Lakini kifungu ninachokipenda kuliko vyote kiko kwenye maonyo ya usalama. Vijitabu vingi vya leo, hasa vya mashine zilizotengenezwa kwa kufuata viwango vya Ulaya, husema kifaa kinaweza kutumiwa na watoto wa kuanzia miaka 8, mradi wasimamiwe au waelekezwe namna ya kukitumia kwa usalama. Soma tena. Mtoto wa miaka 8, akielekezwa, anaweza.

Kwa miaka mingi hoja kuu ya baba wa nyumba ilikuwa “mimi sijui hiyo mashine.” Ilikuwa hoja nzuri, haikuwa na jeuri ndani yake, na ilimwacha akisoma gazeti lake kwa amani. Takwimu zinaonyesha ilivyofanya kazi vizuri: utafiti wa serikali wa 2021 kuhusu matumizi ya muda nchini ulikuta wanawake wakitumia karibu mara 5 ya muda wa wanaume kwa kazi za nyumbani zisizo na malipo na ulezi. Kifungu cha miaka minane kimeitoboa hoja hiyo. Mtu aliyejenga nyumba, anayelipa karo na kupiga kura hawezi kusimama mbele ya watoto wake akadai kwamba ameshindwa na kitufe ambacho mtoto wa darasa la tatu anaruhusiwa kukibonyeza.

Jambo zuri ni kwamba kijitabu chenyewe humpa mlango wa kuingilia bila aibu. Baba ambaye hangeonekana akiinama juu ya beseni la nguo hana shida kuonekana akisoma maagizo ya mitambo. Hiyo ni kazi ya kifundi. Huvaa miwani. Huita kila mtu aje aone. Huchomeka plagi, hupima sabuni kwa kikombe chake, huzungusha kitufe hadi nyuzi 40, husimama mikono kiunoni kuona kama maji yanaingia. Bila kutambua, amefua. Wiki inayofuata hujua mahali chujio lilipo, na wiki ya tatu huanza kumkosoa mke kwa kutia sabuni nyingi. Mke mwenye akili hapo hanuni. Humwachia kikombe.

Safu tatu

Kila kijitabu, karibu na mwisho, huwa na jedwali la matatizo. Lina safu tatu: tatizo, chanzo chake, na la kufanya. Mashine haiwaki, plagi haijaingia vizuri, ichomeke tena. Pasi inadondosha maji, joto halijatosha kwa mvuke, subiri. Friji inanuka, kuna chakula kilichoharibika, kitoe, safisha kwa maji yenye magadi.

Safu ya nne haipo. Hakuna mahali pa kuandika nani alisahau chakula hicho. Nyumbani kwetu sisi binadamu mazungumzo huanzia kwenye safu hiyo ya nne, na mara nyingi huishia hapo hapo, mboga ikiendelea kunuka. Kijitabu kimepatanisha watu wengi kwa sababu moja tu: kinaanza na tatizo na kinamalizia na la kufanya. Mkosaji hakumhusu.

Nani afanye, hicho hakisemi. Kinasema “mtumiaji,” basi, na mtumiaji ni yeyote aliyevaa shati safi asubuhi. Hapo inabidi kusoma kitabu kingine. Katiba ya Kenya ya 2010, kwenye Ibara ya 45, inawapa wanandoa haki sawa wakati wa kufunga ndoa, katika ndoa na inapovunjika. Geuza macho kwenye Ibara ya 46 inayofuata, utakuta haki ya mnunuzi kupata maelezo yanayomwezesha kufaidi kikamilifu alichonunua. Waandishi wa Katiba waliweka ndoa na maelezo ya bidhaa mlango kwa mlango, na sidhani walikusudia, lakini aliyeoa na akanunua friji ataona mantiki yake. Miaka mitatu baadaye Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 ikahesabu kazi za nyumbani na malezi ya watoto kuwa mchango katika mali ya familia, sawa na ulivyo mshahara. Kufua kumo humo.

Kwa hiyo usikitupe kijitabu. Kiweke kwenye droo ile ya hati ya shamba na vyeti vya kuzaliwa. Na ukifika nyuma kabisa utakuta kurasa mbili tatu tupu. Si ukarimu wa kiwanda: vijitabu vinavyofungwa kwa pini katikati lazima kurasa zake zigawike kwa nne, na maneno yakiisha mapema, karatasi hubaki. Watu wengi huandika hapo namba za simu za mafundi na hesabu za chama. Andikeni zamu: nani anasafisha chujio, nani anayeyusha barafu, nani anatoa ukoko wa birika, na siku gani. Tumieni penseli, maana mwakani kuna mtu hapo nyumbani atatimiza miaka minane.